Kitovu Kilichobonyea Kuelekea Nje

Kabla sijaanza, tuelewane. Nchi nitakayoisimulia inaitwa Huku, na Huku si hapa. Hapa ni hapa, mnapajua wenyewe. Ukimkuta humu mtu anayefanana na mkubwa wako wa kazi, jua ni macho yako yenye mazoea mabaya, usinitaje mimi. Mimi ni bikizee, nimesoma mpaka la nne, na la nne lenyewe nililisomea karibu na dirisha.

Basi Huku ilitawaliwa na Jemadari Makeke, Baba wa Nchi, Shina la Damu, Mlinzi wa Mto, Mwenye Kuona Mbali. Cheo kilikuwa kirefu mno, mpaka msomaji wa habari redioni alikuwa akinywa maji katikati. Alipochukua nchi, Jemadari alikuwa mwembamba kama ufito. Baadaye, kwa ajili ya kuwatumikia wananchi, hasa saa za chakula, akanawiri. Siku moja akiwa bafuni akajitazama tumboni asikione kitovu chake. Kimezama. Akatia kidole kukitafuta, kidole nacho kikapotea.

Mtu mwingine angesema, "Nimenenepa." Jemadari akasema, "Nimeteuliwa."

Hapo hapo akaitwa Profesa Madaha, msomi wa ikulu, mtu ambaye hajawahi kuulizwa swali na mkubwa akakosa jibu ambalo mkubwa analitaka. Profesa akaandika kitabu kinene cha kufungia mlango. Ndani yake alieleza kuwa binadamu wa kweli ni wale wenye kitovu kilichobonyea, maana Mungu alipomaliza kuwaumba aliwabonyeza kwa dole gumba kuthibitisha kazi. Wenye kitovu kilichochomoza hawakubonyezwa. Hao, alisema Profesa, walitoka kabla ya ukaguzi.

Ikaundwa Wizara ya Vitovu. Raia wote tukapangwa foleni tupimwe. Kipimo chenyewe kilikuwa hivi: unapandisha nguo, afisa anakuwekea punje ya hindi kitovuni, kisha unatembea kutoka mlangoni mpaka mezani. Punje ikikaa, wewe ni Mhuku Halisi. Ikianguka, simama upande ule. Kuku wa ofisi ile walinenepa kuliko kuku wote wa nchi, na kwa nadharia ya Profesa sijui nao walihesabiwa watukufu.

Tatizo likawa moja. Mtu aliyeshinda njaa tumbo lake limewambwa kama ngoma, punje itakaa wapi? Ikaonekana Wizara nzima ni damu safi, na mtaa wetu wa Machicha wote una mashaka. Watu wakawa wanapaka ugali kidogo ili punje igande. Mimi sikupaka kitu. Tumbo langu limezaa sana, lina mikunjo ya kutosha, lingeweza kushika hata gunzi. Afisa akanipongeza kwa usafi wa nasaba yangu. Nikamshukuru, nikaila ile punje.

*

Sasa ng'ambo ya mto wetu kuna nchi inayoitwa Ng'ambo, maana babu zetu hawakuwa watu wa kujisumbua na majina. Wang'ambo wote wana vitovu vilivyochomoza. Nilisikia kuwa ni habari ya ufundi wa wakunga wao tu, lakini hilo halikuwemo kitabuni.

Wahuku na Wang'ambo ni watani tangu mto ule ulipokuwa kijito. Na utani wetu una sheria zake. Mtani anaweza kukutukana sokoni mbele ya mkweo. Anaweza kuingia kwako akachukua kofia yako, usiipate mpaka uikomboe. Ukifiwa, mtani ndiye wa kwanza kufika. Anavaa nguo za marehemu, anaigiza mwendo wake, anataja deni lake, anajilaza kaburini na kusema hatoki mpaka apewe alichokitaka. Nawe hukasiriki. Mwenye kucheka amekubali kutoa kombozi. Mwenye kukasirika amevunja udugu, na hatapata hata mtu wa kumvusha mto.

Shoga yangu Sikudhani, muuza vitumbua, alipata mume kwa njia hiyo hiyo. Baba yake alipofariki, kijana mmoja wa Ng'ambo aitwaye Lubinza aliingia kaburini akagoma kutoka. Wakampa jogoo, akakataa. Wakampa blanketi, akakataa. Akamnyooshea kidole Sikudhani, ambaye alikuwa analia kwa sauti mbaya sana, akasema, "Nipeni huyo, nikamfundishe kulia." Sikudhani akacheka. Aliyecheka amekubali. Tangu hapo Lubinza akahamia kwetu Machicha, akawa fundi baiskeli, ana kigoda chake pale barazani, na kitovu chake kama mdomo wa birika, kila mtoto wa mtaa alishakibonyeza kuona kama kitalia.

Wizara ikatoa amri kuwa utani na Wang'ambo umekoma. Ilikuja Sheria ya Kukasirika: Mhuku akitaniwa na Mng'ambo ni lazima akasirike, papo hapo, tena mbele ya shahidi. Mwezi uliofuata wakaja kuwachukua Wang'ambo wote wanaoishi kwetu, wapelekwe Kambi ya Kupumzisha Macho, kule kilimani juu ya kivuko. Macho yanayopumzishwa si ya kwao. Ni ya kwetu, yasichoke kuona vitovu vile.

Aliyekuja kumchukua Lubinza ni Koplo Bungara, kijana wa mtaa wa pili. Baiskeli yake mwenyewe ilikuwa imelala pale chini, tairi limetolewa.

"Shemeji," akasema Koplo, macho chini, "ni amri tu."

"Najua, mtani," akasema Lubinza. "Tairi lako la mbele nimeliziba. La nyuma halizibiki, lina matundu kama akili ya mkubwa wako."

Koplo akakumbuka sheria. Akageuka kutafuta shahidi, akaniona mimi. "Bibi, nimekasirika," akasema.

"Nimeona, mwanangu," nikamwambia. "Umekasirika vizuri."

Sikudhani hakulia siku ile. Alikichukua kile kigoda cha mumewe, akakipangusa, akakirudisha palepale barazani, na tangu hapo hakuna aliyekikalia. Mteja akikaribia tu, mwiko unainuka. Hata paka alijua.

Kila Ijumaa alipanda kilima na vitumbua. Mlinzi wa lango akivila kuvikagua, akimaliza kuvikagua anamrudishia kikapu. Kuingia haruhusiwi. Habari aliyoipata ni moja tu, kwamba Lubinza anakohoa. "Anakohoaje?" alimuuliza mlinzi. Mlinzi akajaribu kumwigizia. Sikudhani akasikiliza kwa makini, akasema, "Hicho si kikohozi cha vumbi." Akarudi nyumbani akatia tangawizi kwenye vitumbua vya Ijumaa iliyofuata. Mlinzi akavikagua, akasema vinawasha, lakini kifua chake kimefunguka.

*

Vita navyo vilikuja kwa sababu ya adabu. Upande wa pili wetu kuna nchi ya Kule. Rais wa Kule alimpelekea Jemadari salamu za siku ya kuzaliwa, akaandika: "Ndugu Makeke, hongera." Ndugu! Cheo chote kile kikaachwa barabarani. Zaidi ya hapo Kule kuna ziwa la chumvi na kwetu hakuna, lakini redio haikuitaja chumvi, basi na mimi sitaitaja.

Mambo ya ikulu sikuyaona kwa macho. Ikulu ina madirisha, na madirisha yana watu. Inasemekana Waziri wa Vita alisitasita.

"Mtukufu," alisema, "vitovu vya Wakule vimebonyea kama vyetu. Kitabu kinasema ni ndugu zetu wa damu."

"Kitabu kinasema ndugu?"

"Ndiyo, Mtukufu. Ukurasa mzima."

"Vema. Wewe umewahi kuona watu wakigombea mirathi na mgeni?"

Waziri akakubali kuwa hajawahi. Jeshi likaondoka asubuhi na tarumbeta. Kati ya Huku na Kule kuna bwawa la matope, na ramani ya Wizara ilikuwa imelipaka rangi ya kijani nzuri, wakadhani ni malisho. Mzinga mkubwa, uliopewa jina la mama yake Jemadari, ukazama mpaka shingoni. Wakautoa kwa kamba na ng'ombe wa watu. Redio ikasema jeshi limesonga mbele kuelekea chini.

Njia nyingine ya kufika Kule ilikuwa moja: kuzunguka kwa mto. Na mtoni kwenye maji yale makubwa kulikuwa na pantoni moja tu ya kubeba mzinga. Ya nani? Ya Wang'ambo.

Jemadari akamwita Profesa Madaha. "Profesa, nahitaji pantoni."

Profesa akasema, "Nipe hadi saa ya chai."

Saa ya chai redio ikatutaka tusogee karibu. Profesa akatueleza kwa sauti ya upole kwamba elimu haisimami mahali pamoja. Uchunguzi wa kina umeonyesha kuwa kitovu cha Mng'ambo nacho kimebonyea. Ila kimebonyea kuelekea nje. Ukikitazama kutoka upande wa ndani ya tumbo, alisema, utaona shimo safi kabisa, pengine lenye kina kuliko la kwetu. Waliokiona kimechomoza ni kwa sababu walisimama upande usio sahihi. Kuanzia leo Wang'ambo wataitwa Wahuku wa Heshima wa Upande wa Nje.

Mabango nayo yakarekebishwa. Lile la sokoni lilikuwa na picha ya Mng'ambo mwenye kitovu kama bomba, anamtisha mtoto. Hawakuwa na pesa ya bango jipya, wakamchorea tabasamu na kumvika shada la maua. Mtoto wakamwacha analia. Chini wakaandika: RAFIKI.

Sikudhani alipoisikia ile redio alivua aproni yake ya unga, akanishika mkono. "Shoga, twende. Wameshasema wenyewe."

Tukaenda Wizarani. Afisa aliyekaa mezani alikuwa kijana mwenye kucha ndefu ya kidole kidogo. Kuku mmoja alikuwa amelala juu ya mafaili.

"Nimekuja kumchukua mume wangu," akasema Sikudhani. "Yuko kambini. Kitovu chake kimebonyea kuelekea nje."

"Nani kasema?"

"Profesa. Redioni."

"Aa, mama," afisa akatabasamu, "Profesa alizungumzia vitovu vya ng'ambo ya mto. Hivi vilivyoko kambini bado vimechomoza."

"Si vitovu ni vilevile? Huyu kaka yake yuko ng'ambo, mama mmoja, mkunga mmoja."

"Mumeo ana pantoni?"

"Ana baiskeli."

"Baiskeli haibebi mzinga, mama."

"Kwa hiyo kitovu kinabonyezwa na pantoni?"

Afisa akamtazama kama mtu aliyeulizwa na mwanafunzi jambo ambalo yeye alilipata kwa tabu. "Sasa unaanza kuelewa siasa," akasema.

Tukatoka. Shoga yangu akanitangulia mpaka kwake. Akakipangusa kigoda.

*

Nisije nikasema Wang'ambo ni malaika. Mtemi wao, Igulwa, kizee kidogo kisicho na meno ya mbele, naye alikuwa na elimu yake. Kwao wanaamini kuwa sisi Wahuku tumetobolewa, na kwamba akili zetu zilivujia kwenye tundu lile la tumbo. Wanatuonea huruma. Lakini Mtemi alikuwa ameahidiwa nusu ya chumvi ya Kule, na mtu aliyeahidiwa chumvi haulizi sana habari za matundu.

Aliweka sharti moja tu. Wang'ambo, alisema, hawajawahi kumvusha mtu ambaye si mtani wao, na hawataanza na mzinga. Utani urudishwe, na Jemadari mwenyewe aape.

"Utani ndiyo nini hasa?" Jemadari akauliza. Alikuwa amekaa kwenye ukubwa muda mrefu, hakuna aliyemtania, akawa ameusahau kama mtu anavyosahau lugha ya utotoni.

"Michezo ya kienyeji, Mtukufu," akasema Profesa. "Vicheko vicheko."

"Basi naapa."

Sherehe ya udugu ikapangwa kivukoni, chini ya kile kilima cha kambi. Kambi yenyewe wakaizungushia vitambaa vya rangi ili wageni wadhani ni shule. Sikudhani akaamriwa kukaanga vitumbua vya wageni, maana hata damu safi hushindwa na vitumbua vyake. Mimi nilikuwa nakoroga unga. Hivi ndivyo nilivyopata nafasi nzuri kuliko mabalozi.

Jeshi likaanza kupanda pantoni mapema, mzinga ukawa wa kwanza. Wageni wakakaa. Sikudhani akabeba sinia akaenda mpaka mbele ya Mtemi Igulwa, na mbele ya viongozi wote waliovaa tai akamwambia kwa sauti ya sokoni:

"Kula, mwizi wewe. Kitovu kama kizibo cha dumu."

Mawaziri wakakauka. Mtemi akainua uso, akamtazama, macho yake yakawaka kama ya kijana. "Lo! Aliyetobolewa anaongea! Hebu nisogelee nichungulie upande wa pili."

"Utaona wenzako. Wamejaa kule juu nyuma ya vile vitambaa, na mume wangu Lubinza yumo, anakohoa. Wewe umekuja kula vitumbua."

Mtemi akaacha kutafuna. Alitazama vitambaa vya kilimani kwa muda. "Ile si shule?"

"Shule gani wanafunzi wana ndevu?"

Mtemi akameza. Akachukua kitumbua kingine. Nikamwona anamnong'oneza nahodha wake, na nahodha akaenda zake kwenye pantoni, anatembea taratibu kama mtu aliyetumwa kuulizia maji ya kunywa.

*

Jemadari akahutubia. Ah, hotuba! Alisema mto huu hautenganishi bali unaunganisha, ila kwa nauli. Alisema vitovu vyote ni ndugu, vya ndani na vya nje. Pantoni ikang'oa nanga nyuma yake na jeshi likawa linapunga bendera. Akapanda mori, akapiga kifua:

"Kwa ajili ya udugu huu, mimi Makeke niko tayari kufa! Kufa! Hapa hapa nilipo!"

Mtemi Igulwa akaruka kwenye kiti. "Amekufa!" akapiga kelele. "Watani njooni! Mtani wetu kafa, kasema mwenyewe!"

Kabla walinzi hawajageuka, Wang'ambo walishamzunguka Jemadari wakilia kilio cha juu, cha kutoka tumboni. Mmoja akamvua kofia, mwingine buti. Bendera kubwa ya taifa ikashushwa akaviringishwa ndani yake kama sanda, akalazwa kwenye mkeka wangu wa kupangia vitumbua. Mtemi akaivaa ile kofia, ikamfika puani. Akaanza kutembea mwendo wa Jemadari, tumbo mbele, mikono nyuma. "Mimi ni Mwenye Kuona Mbali!" akasema, kisha akagonga meza. "Nani kaweka meza hapa?"

Walinzi wakanyoosha bunduki. Jemadari akawa anapumua kama nyati ndani ya bendera. Profesa Madaha akapiga magoti karibu na sikio lake.

"Mtukufu, usikasirike!"

"Nitawachinja!"

"Uliapa, Mtukufu. Ukikasirika umevunja udugu. Na tafadhali tazama mtoni."

Jemadari akatoa jicho moja nje ya sanda. Pantoni ilikuwa imesimama katikati ya maji makuu, injini kimya. Jeshi lote juu, na mzinga wenye jina la mama yake. Nahodha alikuwa amekaa ukingoni mwa pantoni, ametumbukiza miguu majini, anakula kitumbua.

Jicho likarudi ndani. Jemadari akalala kimya kama maiti mwenye adabu.

Msiba ukiwepo, jirani hawezi kukaa kando, si desturi. Wahuku nao wakaanza kusogea. Kwanza bibi mmoja. "Uuuwi! Marehemu alitupenda! Alitupenda mpaka akatupima!" Mwingine akapokea: "Hakuwa mchoyo, jamani! Alitugawia hotuba!" Mzee wa ng'ombe waliovuta mzinga akaja akilia kwa kweli kabisa: "Marehemu kaondoka na ng'ombe wangu, nitamdai nani, ole wangu!" Watu waliokuwa hawajasema neno miaka yote ile wakawa wanalia maneno, na hakuna sheria ya Huku inayokataza kulia msibani. Mimi nililia sana. Nilikuwa na mengi.

"Maiti haioshwi na nguo," Mtemi akatangaza. Akafunua bendera, akafunua shati. Kile kitovu kikuu, chanzo cha Wizara, kikatokea mbele ya taifa. Mtemi akachungulia ndani, akaita, "Hodi?" Akasubiri. "Hakuna mtu," akatuambia kwa huzuni.

Akamwomba afisa wa Wizara, yule mwenye kucha ndefu, aliyekuja na kuku wake kwapani, punje ya hindi. Akaiweka kitovuni. "Sisi watani tunadai," akasema. "Tunataka watu wetu walio kilimani, wote, ndipo tumfufue huyu. Marehemu anasemaje?" Na kwa kidole chake kikavu akaisukuma ile punje ndani, taratibu, akaizungusha.

Jamani, mtu hata awe Shina la Damu, kitovu ni kitovu. Jemadari alibana midomo. Akabana macho. Mashavu yakavimba, vidole vya miguu vikajikunja. Halafu kikamtoka kicheko chembamba, kicheko cha mtoto anayetekenywa na mama yake, kikawa kinapanda tu, na tumbo likatikisika, punje ikaruka hewani. Kuku wa Wizara akaidaka. Kipimo kikaishia humo.

"Kacheka!" Mtemi akanyanyua mikono. "Aliyecheka amekubali!"

Nani abishe? Taifa zima lilisikia. Koplo Bungara akatumwa kilimani na funguo, akakimbia, na nilivyomwona mimi alikimbia kuliko alivyoamriwa.

Wakashuka Wang'ambo wa kwetu, wamekonda, wamefumba macho kwa mwanga. Lubinza alikuwa nyuma kabisa, amemshika mkono mzee mmoja. Sikudhani hakumkimbilia. Alibaki kwenye chuma chake cha vitumbua, anageuza, anageuza, hata visivyohitaji kugeuzwa. Mumewe akaja akasimama mbele yake, akakohoa.

"Nimesikia kuna msiba," akasema, "nikaona nije kula."

"Umechelewa. Vizuri vimekwisha."

Akampa kimoja kilichoungua, ambacho hakuna mgeni angekipokea. Lubinza akakila chote. Ndipo shoga yangu akalia, na nawaambia kweli, miaka yote ile ya ndoa na bado hakuwa amefundishika. Sauti mbaya ileile.

*

Vita vyenyewe havikuwa vita. Pantoni ilipofika Kule askari walikuwa bado wanacheka, wakawahadithia Wakule, Wakule wakaomba parudiwe pale pa kuku. Huwezi kumpiga risasi mtu ambaye bado hajamaliza kukuhadithia. Rais wa Kule akatoa magunia ya chumvi na salamu nyingine, safari hii cheo kizima, karatasi mbili.

Na chumvi ilipofika, Profesa akarudi redioni. Elimu, alisema, haisimami mahali pamoja. Wakule ni ndugu tena. Ama kitovu cha Mng'ambo, kutokana na mabadiliko ya majira, kimechomoza upya. Wahusika warejee kambini kwa hiari au kwa Koplo.

Koplo Bungara akaja Machicha kesho yake, baiskeli mkononi, karatasi ya amri mfukoni. Lubinza alikuwa kwenye kigoda chake. Sikudhani alisimama mlangoni na mwiko.

"Shemeji," Koplo akasema, "ni amri tu. Mimi mwenyewe hii kazi itaniua."

Akasikia mwenyewe alichokisema. Lubinza akaweka spana chini, polepole.

"Jamani," akasema, "mmemsikia marehemu?"

Shoga yangu alikuwa wa kwanza kupiga yowe, na kwa mara ya kwanza sauti yake ile mbaya ilifaa. Mkeka ukatandikwa. Koplo akavuliwa kofia, akalazwa, akafunikwa kanga yangu ya maua. Mtaa wote ukaja kulia, na vilio vyetu vilifika mpaka mtaa wa pili kwa mama yake, naye akaja mbio akalia zaidi ya wote, akitaja mara ngapi kijana huyu hakumletea hata kuni. Jioni tukamfufua. Kombozi ilikuwa ile karatasi ya amri, tukawashia jiko. Akala vitumbua, akapandishiwa tairi jipya la nyuma, akaenda kuripoti kuwa amefika Machicha akakuta msiba. Si uongo.

Siku hizi Wizara hupata tabu. Afisa yeyote anayekuja na amri anakuta mkeka umeshatandikwa na watu wamefunga vilemba, wanamtazama kwa huruma. Wengi huishia njiani.

Jemadari bado yupo redioni, cheo chake kilekile, na maji katikati. Hotuba anazitoa. Ila akifika pale pa kupiga kifua, husema, "Niko tayari ku—", akanyamaza kidogo, kama mtu anayesikiliza nje ya dirisha iwapo kuna mtu ameanza kulia.